Shangazi alisamehe, mimi sikuulizwa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, aliyemuua ndugu yako anaweza kusamehewa?" Swali limenichoma, maana mnamuuliza mtu mmoja kana kwamba marehemu alikuwa wake peke yake. Mimi ningeuliza hivi: nani ana haki ya kusamehe?

Shangazi yangu anaishi Makina, Kibera, hapa Nairobi. Mumewe alikuwa seremala, na hata sisi watoto tulimwita Fundi. Aliuawa siku zile Soko la Toi lilipochomwa, matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa. Maiti ilikaa mochari mpaka barabara zikapitika. Wakubwa, Kibaki na Raila, walipotia saini mkataba wao wa kugawana madaraka mbele ya Harambee House, ofisi ya rais, tarehe 28 Februari 2008, tukaambiwa tusameheane. Fundi hakuwa amemaliza majuma mawili kaburini. Nilizima redio.

Shangazi alikuwa akiuza mitumba Toi. Wafanyabiashara walipoanza kujenga upya, nilikwenda kumsaidia Jumamosi moja. Tulikuwa tumesimamisha nguzo nne, na bati la kwanza liko juu linapigapiga kwa upepo, kijana mmoja akaja akasimama ng'ambo ya njia. Nilimjua. Mtaa mzima ulimjua, maana alionekana katika lile kundi lililomuua Fundi. Alisimama kitambo kirefu, kisha akasema, "Mama, hilo bati litawaangukia. Halijashikwa huku nyuma."

Shangazi alimtazama. Akainama kwenye mfuko wa vifaa vya marehemu, akatoa nyundo, ile ambayo Fundi aliuviringishia mpini wake mpira wa baiskeli, akampa. Misumari ya mabati nilikuwa nayo mimi, na sikutaka kumpa hata mmoja. Shangazi akaushika mkono wangu, akanifumbua vidole kimoja kimoja, akaichukua yote.

Kijana alipigilia mpaka saa kumi jioni. Hakuna aliyezungumza. Chai ilipoletwa, shangazi akamuuliza jambo moja tu: "Alisema nini?"

Kijana akatazama chini. "Alisema yeye ni fundi tu."

Shangazi akanyamaza. Nilidhani atampiga na kile kikombe. Mwishowe akamwambia, "Kunywa, inapoa."

Nikaondoka nikaenda nyuma ya vibanda kulia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Kijana hakuwa ameomba msamaha, naye shangazi hakuwa ametuuliza, si watoto wake, si baba yangu ambaye ni kaka yake, si mimi.

Kwa miaka mingi nimesema alikosea. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zile. Watu sita walitajwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Desemba 2010, na kesi zikaisha bila yeyote kuhukumiwa. Katika nchi ambayo wauaji wengi hawajawahi hata kuitwa kortini, mjane akimpa mmoja wao chai, nani atakumbuka kwamba kuna deni? Hilo naliamini hadi leo.

Lakini ninapoandika haya naona jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa sauti. Yule kijana ndiye mtu pekee aliyetuletea neno la mwisho la Fundi. Hakuna tume iliyotuambia, wala askari. Shangazi asingempa ile nyundo, tusingelijua kamwe, na neno hilo watoto wake wanalishika kama urithi.

Basi jibu langu ni ndiyo, anaweza kusamehewa, na shangazi alifanya vyema. Ila alitoa fungu lake la mjane. Langu bado ninalo, na wanawe ni watu wazima, watajisemea. Wala msimpelekee mjane mwingine kisa hiki kama mfano wa kuiga. Shangazi hakushauriwa na mtu.

Mwaka jana nilimwambia kwamba kijana huyo akishtakiwa hata kesho, nitakwenda kutoa ushahidi wa niliyoyasikia siku ile. Alikuwa akikunja suruali za watoto. Akasema kama ni korti ya Kibera, nimpitie, twende pamoja kwa miguu.