Mnauliza kama Ulaya imenifungua mkono

Wadogo zangu wa Bombo, huko kwetu Uganda, mmeniuliza kama uchoraji wangu umekua kwa sababu nimeona dunia, na kama ninyi pia mtafute njia ya kuja. Nawajibu bila kupamba.

Mmeona picha zangu za siku hizi ni ndogo na kijivu kimetawala. Wengine mkasema nimekomaa, wengine eti ni huzuni ya ugenini. Huzuni ipo, siikatai, ila kilichozipunguza picha ni chumba. Hapa Leeds, Uingereza, ninapokaa, nikitaka kufungua kabati lazima kwanza nipande kitandani. Rangi ya mafuta nimeiacha, maana inanuka, inachelewa kukauka, na mwenye nyumba hataki hata kuisikia. Natumia akriliki, nayo hukauka kabla sijamaliza kuitandaza. Ile mistari ya haraka mliyoisifu imetoka hapo. Kijivu nacho ni shifti ya usiku ghalani. Majira ya baridi naamka jua linazama, nachora chini ya taa ya umeme. Rangi za kawa za bibi zangu nitazionea wapi?

Halafu kuna wanunuzi. Mwenye jumba moja la sanaa alitazama picha zangu za wanawake wakisuka, akauliza vita viko wapi. Uganda anayoijua yeye ni ya Amin tu. Ni kweli kwamba mwaka 1979, Amin alipopinduliwa, Wanubi wenzetu wengi walikimbilia Sudan, tumesimuliwa tangu utotoni. Lakini mimi sikuwepo, na sitaichora hofu ya bibi ili mtu apate cha kutundika sebuleni. Mchongaji wetu Francis Nnaggenda alipochonga War Victim (Mhanga wa Vita) miaka ya 1980, ule mwili wa gogo uliopungukiwa viungo, alikuwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na vita viko mlangoni. Alichonga alichokiishi.

Wala kusafiri si lazima kukubadilishe. Mchoraji wetu mwingine, Jak Katarikawe, hakusomea sanaa. Alikuwa dereva Kampala, Sam Ntiro, mchoraji wa Tanzania aliyefundisha Makerere, akamtia moyo. Akahamia Nairobi, akaishi huko miaka na miaka, na bado akawa anachora ng'ombe.

Faida ipo, nisiwe mchoyo wa kusema. Leeds Art Gallery kiingilio ni bure, na siku ya mapumziko nasimama mbele ya kazi za Henry Moore, mchongaji wa Kiingereza, mpaka mlinzi anizoee. Huyu alikuwa mtoto wa mchimba makaa. Wakati wa vita vya pili alichora watu wa London waliolala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi wakikimbia mabomu, kisha akashuka kuchora wachimbaji wa mgodi aliofanya kazi baba yake. Tangu nijue hilo nimeanza kuwachora wenzangu wa ghalani, Waromania na Waeritrea, na vizibao vyao vya kung'aa. Hakuna aliyenunua hata moja.

Kwa hiyo mkija, njoni na nafasi ya chuo, au mwaliko unaowapa karakana na posho. Visa ya kubahatisha itawaleta ghalani kwangu, na saa za kuchora hamtazipata. Wewe unayetaka kuuza bodaboda ya mzee upate nauli, usithubutu.

Na mwenye safari ya huku karibuni anibebee lubugo, kile kitambaa cha gome la mti; vipande vya kukunjika vinatosha. Bei nitalipa mimi.