Sumu za bakteria wa utumbo na saratani: maswali yenu

Bakteria ninaoishi nao tumboni wanaweza kweli kunisababishia saratani?

Wengi hawana neno, na wengine tunawahitaji. Wanaoshukiwa zaidi ni aina za Escherichia coli zenye fungu la jeni liitwalo pks, ambalo hutengeneza sumu ya kolibaktini. Sumu hii huharibika upesi, kwa hiyo bakteria sharti awe karibu kabisa na ukuta wa utumbo mpana ndipo imfikie mtu. Ikishaingia ndani ya seli, huzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA. Seli inapotaka kugawanyika, nyuzi hizo haziachani. Hukatika, na zikiungwa vibaya kosa hurithiwa na kila seli inayofuata. Kosa likiangukia jeni ya APC, inayozuia seli zisiongezeke ovyo, kinundu kinaweza kuanza kuota.

Ushahidi uko wapi?

Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walikuza vijiutumbo (vinofu vya seli vinavyofanana na utumbo) maabara pamoja na bakteria hao kwa miezi 5. DNA ilibaki na alama za pekee, na alama hizohizo zikaonekana kwenye saratani za baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2025 uchunguzi wa saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11 ulikuta alama hizo mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70. Inaelekea huachwa tangu utotoni. Hata hivyo, watu wengi wazima wa afya wanabeba pks na hawaugui. Sumu hii ni kichocheo kimojawapo tu.

Kuna sumu nyingine?

Ipo ya baadhi ya bakteria waitwao Bacteroides fragilis. Hukata E-kadherini, protini inayoshikanisha seli za utumbo, na kuufanya ukuta wa utumbo uvimbe kwa muda mrefu.

Basi nimeze antibaiotiki niwamalize?

Hapana. Utaua na wenye faida, na DNA iliyokwisha kuharibika haitarekebishwa. Kwenye probiotiki (bidhaa zenye bakteria hai wa kumezwa), soma jina la bakteria: Escherichia coli Nissle 1917 nayo ina pks.

Nina miaka 32, naona damu kwenye choo. Ni bawasiri?

Huenda, lakini usijihukumie mwenyewe. Nenda hospitali wiki hii. Mweleze daktari rangi ya damu, imeanza lini, kama choo kimebadilika, kama umekonda, na kama mzazi au ndugu yako aliwahi kuugua saratani ya utumbo. Omba upimwe wingi wa damu pia, maana upungufu wa madini ya chuma ni dalili inayopuuzwa. Kwa kolonoskopi (kipimo cha kuingiza kamera ndani ya utumbo mpana) vinundu huonekana, na vingi huondolewa papo hapo kabla havijageuka saratani.