Hilo neno "kitakachobaki" ndilo lililonimaliza

Futa "kitakachobaki" kwenye tangazo lako kabla hujachapisha hata karatasi moja. Leo, usingoje kesho.

Mkuu, umeandika kwamba biashara inatimiza miaka 10, mnafanya sherehe, watu wananunua tiketi, mnatoa gharama halafu kitakachobaki kinakwenda hospitali ya watoto. Ukauliza kuhusu mshehereshaji, fulana, bahati nasibu, na kama ni bora kununua mashine au kupeleka fedha. Waliotangulia kukujibu wamekupa hongera nyingi. Mimi sina hongera. Nimeisoma sentensi yako nikahisi tumbo linakata, maana niliwahi kuiandika vilevile kwenye bango lenye picha ya mtoto anacheka.

Yangu nayo ilikuwa miaka 10. Mwanzoni wazo lilikuwa dogo tu: siku moja pale pale kazini, sanduku la mchango mlangoni, wateja wapite, basi. Akatokea jamaa mmoja anayejiita mshauri wa matukio, viatu vinang'aa, daftari kwapani. Akanitazama kwa huruma akasema, "Bosi, watu hawatoi hela gizani. Wanatoa penye taa." Na mimi nikanunua taa. Nikakodi ukumbi, jukwaa, muziki, mapambo, mpiga picha, na kile kidege cha kupiga picha kutoka angani. Ukumbi wenyewe una paa. Kidege kilikaa kwenye boksi lake usiku kucha na nikakilipia kama kimeruka.

Usiku wenyewe ulifana, siwezi kudanganya. Mshehereshaji alikuwa moto. Mnada ukachangamka, watu wakaanza kushindana kutoa ahadi, huyu akitaja hiki yule anaongeza. Mshauri wangu yuko pembeni anajumlisha: tiketi, mnada, na ahadi zote za mdomoni, bila kutoa gharama hata moja. Jumla hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye hundi ya kadibodi yenye upana wa mlango. Nikapigwa picha nimeishika upande mmoja, mwakilishi wa hospitali upande wa pili, meno yote nje. Picha ile ilisambaa kuliko bidhaa yoyote niliyowahi kutangaza.

Jumatatu tukakaa na vitabu. Kati ya kila 100 iliyoingia kweli mkononi, 83 ilikuwa na wenyewe: mwenye ukumbi, mwenye muziki, mwenye viti, mwenye kidege. Narudia, 83. Aliyenunua tiketi akijua anamsaidia mtoto mgonjwa alikuwa amemlipia mtu wa spika. Nikasema si neno, ahadi zitaokoa. Ahadi! Hata nusu hazikutimizwa. Wengine wakaacha kupokea simu zangu, na mmoja akaniambia kwa mshangao wa kweli kabisa kwamba alidhani ule ni mchezo wa jukwaani.

Bado mshauri. Malipo yake yalikuwa asilimia ya makusanyo, na akayapiga kwenye namba ya kadibodi, pamoja na ahadi ambazo hakuna aliyezilipa. Nilipofoka akafungua mkataba taratibu: "Imeandikwa jumla iliyotangazwa, bosi." Ni kweli, nilisaini. Kusoma najua, siku ile sijui nilikuwa nasoma nini. Baadaye sana ndipo nikagundua kwamba AFP, chama cha wachangishaji wa kitaalamu kilichoko Marekani, kanuni zake za maadili zinakataza kabisa mchangishaji kulipwa kwa asilimia ya michango. Analipwa ujira wa kazi, umekubaliwa mapema. Kwa hiyo mtu akikuambia "nipe asilimia tu, usiwe na wasiwasi", hapo ndipo wasiwasi uanze.

Nikaenda hospitali. Dada wa uhasibu akafungua kitabu, akaniuliza kwa upole, "Tuandike stakabadhi ya kiasi gani?" Angenitukana ningevumilia. Ule upole ulinichoma. Wateja nao walikuwa wameiona hundi, mtaani maneno yameshaanza kwamba nimekula hela za watoto wagonjwa. Sikula hata senti, ila nenda kamweleze mtu kwamba zimeliwa na mapambo, uone kama atakusikitikia. Nikakopa nikajaza pengo hadi ifike namba ya kadibodi. Miezi 14 nalipa. Sijakutana na mwingine aliyechukua mkopo kulipia furaha ya siku moja ambayo yeye mwenyewe hakuifurahia.

Kwa hiyo nishike hapa, mengine utayajua mbele ya safari: gharama za sherehe ni za biashara yako, zilipwe na biashara yako, kabla ya siku. Fedha ya mtoto isilipie kiti. Mchango uingie moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, stakabadhi itoke kwao, wewe usiushike hata kwa dakika tano. Kama biashara haiwezi kulipia ukumbi kutoka mfukoni mwake, basi ukumbi haupo, fanyeni pale pale mlangoni. Na jukwaani tangaza tu kile ambacho hospitali imeshakitolea stakabadhi. Ahadi zitaje kama ahadi, peke yake.

Kama mnataka kuchangia kupitia mauzo, taja kiasi kamili kwa kila kitu kinachouzwa. Mwaka 1983 kampuni ya kadi ya American Express ilichangia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru kwa namna hiyo: senti 1 kila kadi ilipotumika, dola 1 kwa kila kadi mpya. Zilipatikana dola milioni 1.7. Mteja alijua senti yake iko wapi kabla hajatoa kadi mfukoni. "Sehemu ya faida" ni ndugu yake kitakachobaki, baba mmoja mama mmoja.

Mashine usinunue kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa tiba vya msaada vinavyofikia kufanya kazi. Vingine umeme haulingani, vipuri hakuna, au hakuna fundi wa kuvihudumia. Waulize wanahitaji nini, wakupe kwa maandishi. Hata midoli ya manyoya uliza kwanza, wodi nyingi haziipokei kwa kuhofia vijidudu. Na jina la hospitali usiliweke kwenye bango bila ruhusa yao, wala sura ya mtoto bila ya mzazi wake.

Bahati nasibu nchi nyingi inataka kibali, kaulize mamlaka kwanza. Fulana... nimesahau uliuliza nini kuhusu fulana. Zangu zimebaki maboksi mawili, tunadekia.

Ile hundi bado iko stoo. Haiingii kwenye gari, na kuichoma nimeshindwa, imepakwa plastiki. Ukiihitaji njoo na mtu wa kukusaidia kubeba, kufuta namba ni juu yako.