Boksi jepesi la spika ya besi

Kaka, umeuliza uchukue boksi gani la gitaa la besi, maana bendi yenu inazunguka Mtwara mjini, Mikindani hadi Masasi, na mlilonalo linabebwa na watu wawili. Tafuta lenye spika moja ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimiamu. Uzito mwingi wa spika za kawaida uko kwenye lile duara nene la sumaku ya feraiti nyuma. Neodimiamu inatoa nguvu ileile kwa umbo dogo. Hilo unalipakia kwenye bajaji pamoja na gitaa.

Ubao uchunguze kwa makini. Plaiwudi ndiyo yenyewe. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi ni nzito, na kwa unyevu wa pwani yetu zinavimba kwenye pembe hadi skrubu zinalegea.

Chukua la omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme); mawili ya hivyo yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4. Amplifaya ikikubali omu 4, siku ya harusi ya uwanjani unaongeza la pili kama hilo.

Wati zisikubabaishe, linganisha desibeli, yaani sauti ambayo kila boksi linatoa kwa wati zilezile: boksi linalozidi kwa desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati maradufu. Ila uzi mnene wa besi unashuka hadi hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na boksi dogo halitaupiga kwa kishindo cha kubwa. Kabla hujalipa, piga uzi huo kwa sauti ya juu usikilize kama linakoroma.