Ardhi haishikwi na baridi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha pili aliandika kwenye insha ya Kiingereza "the ground shivered", akimaanisha ardhi ilitetemeka. Amekatwa alama. Kamusi yetu ya nyumbani inasema "shiver" ni kutetemeka, na "tremble" nayo ni kutetemeka. Kosa liko wapi?
Mama wa watoto watatu, Makambako

JIBU: Marahaba mama. Kosa lipo, ila ni la kamusi kuliko la binti.

"Shiver" nyinyi wa Makambako mnaijua kuliko mimi: ni ile ya asubuhi ya Julai, meno yanagongana na maji ya kunawa hayagusiki. Ni ya mwili wenye baridi au homa.

Sisi tukishasema kutetemeka, sababu tunaileta nyuma: kwa baridi, kwa hofu, kwa hasira. Mwingereza mara nyingi huitia ndani ya kitenzi. "Tremble" ni ya hofu, hasira au udhaifu, kama mikono ya mzee aliyeshika kikombe cha chai. "Shudder" huja mara moja ikapita: umekanyaga chura gizani, peku. "Quiver" ni mtetemo mdogo wa haraka, mdomo wa mtoto anayejizuia kulia. Hapo mchunge binti, maana "quiver" nyingine ni podo la mishale; maneno mawili tofauti yaliyofanana tahajia. Niliwahi kusahihisha tafsiri isemayo "midomo yake ilipiga podo". Nilicheka ofisi nzima ikanigeukia.

Sasa ardhi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa Bukoba, alasiri, nasahihisha madaftari sebuleni. Vijiko vikaanza kulia kwenye sahani, likafuata kabati, kisha ukuta wenyewe. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Hapo Mwingereza anasema "the ground shook". Tukio lenyewe ni "earthquake", au "quake" kwa mkato. Vitetemeko vidogo ni "tremors". Quake hiyo hiyo ndiyo iliyozaa jina la Waquaker, Wakristo wa dhehebu moja waliobandikwa kwa kejeli huko Uingereza karne ya 17 kwa habari ya kutetemeka mbele za Mungu. Kaimosi, Kenya, wapo tangu 1902, na wenyewe hujiita Marafiki.

"Shake" ndiyo inayowatesa wanafunzi. Sisi tuna tikisa na tikisika, kila moja na kazi yake. "Shake" inabeba zote mbili: "shake the bottle", tikisa chupa, "the house shook", nyumba ilitikisika. Usijaribu hivyo kwa "tremble". Chupa ya dawa hai-"tremble"-ishwi na mtu.

"Waver" ni ya mwali wa kibatari penye upepo, ya sauti inayotaka kukatika, na ya mtu aliyekubali jambo Jumatatu, Alhamisi anasema "ngoja kwanza tuone". Ni kuyumba, kusitasita.

Na tusidhani Kiswahili ni maskini. Bibi yangu wa Pangani alikuwa akitoka kuoga kisimani alfajiri anasema, "Natapa." Hakuongeza "kwa baridi". Tulikimbia kumletea kanga kavu. Muulize binti kama shuleni kwao neno hilo wamewahi kulisikia.