Mzani unasoma 80.5, PHP inasema sifuri

Msimu wa korosho uliopita chama kimoja cha msingi huku Mtwara kilinipa kazi, wanataka mzani wao wa dijitali uongee na kompyuta ili karani asiandike kilo mara mbili. Mfumo wao umeandikwa kwa PHP, lugha ya programu, nami nikaona kusoma mzani niandike ekstensheni, yaani nyongeza ya PHP, kwa lugha ya C, kulikuwa na njia rahisi zaidi lakini ndo hivyo, ujana.

Humo nikatengeneza klasi (ramani ya kuundia objekti) inaitwa Kifaa, ina propati praiveti moja, yaani thamani inayoonekana ndani ya klasi hiyo tu, uzito, inaanzia 0. Nyumbani Chikongola nikajaribu na new Kifaa, namba zinakuja safi, nikalala. Sasa kule ghalani mfumo unatumia klasi mtoto, yaani inayorithi Kifaa, MzaniKorosho extends Kifaa, gunia la kwanza limepanda, kioo cha mzani kinasoma 80.5, kompyuta sifuri. Karani ananiangalia: "Fundi, huyu mzee kaleta gunia la upepo?" Mzee mwenyewe hacheki.

Nikahangaika na waya karibu saa zima, bure kabisa, mpaka nilipopiga var_dump, inayoonyesha yaliyomo ndani ya objekti:

["uzito":"Kifaa":private]=>
float(0)
["uzito"]=>
float(80.5)

Aisee. Uzito umo mara mbili! Na mkosaji ni mstari huu:

zend_update_property_double(Z_OBJCE_P(ZEND_THIS), Z_OBJ_P(ZEND_THIS), "uzito", sizeof("uzito") - 1, kg);

Ile ya kwanza kwenye mabano wengi tunadhani ni klasi ya objekti tu, kumbe ni skopu, yaani unaiambia Zend, injini ya PHP, unabisha hodi kwa jina la nani. Z_OBJCE_P inaleta klasi halisi ya objekti, kule ghalani ni MzaniKorosho, na mtoto haioni praiveti ya baba, basi Zend wala haikukataa, ikamfungulia mtoto uzito wake mpya pembeni. Mimi nasoma kwa fanksheni iliyoko Kifaa, inaangalia ya baba, sifuri. Nyumbani ilikubali kwa sababu klasi halisi ilikuwa Kifaa yenyewe.

Dawa yake, ile klasi unayopewa ukisajili kwenye MINIT (fanksheni inayoendeshwa ekstensheni inapoanza) itunze, mimi naiita kifaa_ce, halafu hiyo ndo uiweke pale mwanzo. Itaje klasi iliyotangaza propati, objekti iwe ya mtoto au ya mjukuu haijalishi. Kuna atakayekwambia ifanye protekted, yaani ionekane hata kwa klasi watoto, yaishe, kweli itakubali, ila hapo klasi yoyote mtoto inaweza kuandika kilo inavyotaka, na kwenye hela ya mkulima hiyo mie siitaki.

Eksepsheni, zile objekti za PHP za kutoa taarifa ya kosa, zina mtego huohuo: message na code ni protekted kwahiyo skopu ya mtoto inapita, ila previous ni praiveti, hapo weka zend_ce_exception.

Seva yao ilikuwa na PHP 8.1, ndo maana kimya. 8.2 ya mwaka 2022 ingenionya "Creation of dynamic property MzaniKorosho::$uzito is deprecated", yaani kufungua propati ambayo klasi haikuitangaza hakushauriwi tena, na nisingegusa waya hata mmoja. Halafu ukikopi mifano ya kabla ya 8.0 kompaila italalamika, zamani ya pili kwenye mabano ilikuwa zval (kasha la thamani yoyote ya PHP), siku hizi ni zend_object, objekti yenyewe.

Gunia la mzee tukalipandisha tena, 80.5 ikatokea kwenye skrini. Karani akatikisa kichwa, akachukua kalamu, akaiandika na kwenye daftari.