El Vez: kumwiga Elvis na bado kusema la kwako

Mwenzetu ameuliza kama mtu anayeishi kwa kuimba nyimbo za mwingine anaweza kuwa na neno lake mwenyewe la kisiasa, na akamtaja El Vez, mwigaji wa Elvis Presley, nyota wa roki wa Marekani, kama mzaha uliopewa uzito usiostahili. Nimepiga gitaa kwa miaka katika hoteli za Mombasa, ambako kazi ya bendi yetu ilikuwa kupiga kopi, yaani nyimbo za wengine kama zilivyo rekodiwa, na baadaye nikaishi San Diego, ambako nilimwona El Vez jukwaani. Sikubaliani na hukumu hiyo.

El Vez ni Robert Lopez, mwenyeji wa Chula Vista, mji wa California ulio kati ya San Diego na mpaka wa Meksiko. Kabla ya kuvaa suti ya mariachi (bendi za jadi za Meksiko) inayong'aa dhahabu, alipiga gitaa katika The Zeros, kundi la vijana wenye asili ya Meksiko lililoanza mwaka 1976 na kuwa miongoni mwa bendi za mwanzo za panki, roki ya kasi na ya uasi, huko California. Kisha akafanya kazi katika jumba la sanaa la La Luz de Jesus, Los Angeles, na maonyesho ya kazi zilizomhusu Elvis Presley ndiyo yaliyomsukuma kwenda Memphis, mji wa Elvis, mwaka 1988 kuimba kama Elvis wa Kimeksiko. Basi hakuwa mchekeshaji aliyeiokota siasa njiani.

Sikilizeni alivyoifanya "Suspicious Minds", ambayo Elvis aliirekodi mwaka 1969. Ni wimbo wa wapenzi wawili walionaswa, kila mmoja akimshuku mwenzake. Katika "Immigration Time", El Vez anamweka mhamiaji anayetaka kuvuka mpaka, na shaka iliyokuwa kati ya wapenzi inakuwa shaka ya nchi nzima juu ya mtu anayeichumia matunda. Hakulazimika kuuvunja wimbo, kwa maana uchungu wa asili unabaki mahali pake na hata pale mwendo unapotulia katikati panaonekana kama pamesubiri maneno hayo. Hadhira inayokijua kiitikio tangu utotoni hujikuta inakiimba kabla haijaamua kama inaafiki.

Hilo halikuwa jambo dogo mwaka 1994, alipotoa albamu ya Graciasland yenye wimbo huo, kwani mwaka huo huo wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 187, sheria ya jimbo iliyopigiwa kura, lililokusudia kuwanyima wahamiaji wasio na vibali shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura, hadi mahakama ya shirikisho ilipolizuia.

Anayepiga kopi anaujua ugumu wa kazi hii. Wageni wa hoteli walikuwa wakishtuka mara tu tulipokosea kipande kidogo cha utangulizi, kwa hiyo mtu akitaka kubadili maneno yote na bado asimpoteze msikilizaji, ni lazima muziki wenyewe uwe sahihi kuliko kawaida, na silabi ziingie katika pumzi zile zile za mwimbaji wa kwanza. El Vez, pamoja na bendi yake ya Memphis Mariachis na waitikiaji wake, Elvettes, aliliweza hilo. Kwangu hupungua nguvu anaporundika vipande vya nyimbo nyingi katika wimbo mmoja, kwa sababu msikilizaji huanza kuvitambua vipande badala ya kusikiliza habari.

Kuhusu hoja kwamba nyimbo si zake, tukumbuke kwamba "That's All Right", rekodi iliyomfungulia Elvis njia mwaka 1954, ilikuwa ya Arthur Crudup, mwanamuziki mweusi wa bluzi, na "Hound Dog" iliimbwa kwanza na Big Mama Thornton. El Vez naye aliigeuza ile ya kwanza kuwa "Está Bien Mamacita". Kama tunamwita Elvis msanii licha ya kuchukua kwa wengine, sioni kwa nini Lopez anyimwe jina hilo, hasa kwa kuwa yeye hafichi alikochukua.

Kwa mwenzetu aliyeuliza, ningeshauri asikilize kwanza "Suspicious Minds" mpaka mwisho, kisha "Immigration Time" papo hapo, akifuatilia maneno.